LESENI IKAE MFUKONI MWA DEREVA



Katika mikutano yetu limeulizwa swali moja mara nyingi, na wanaoliuliza ni wenzetu wanaoshika usukani. Polisi akisimamisha gari na kutaka leseni, je, dereva analazimika kuionyesha? Wengine wameuliza kwa hasira na wengine kwa hofu. Tunajibu bila kuzungukazunguka: ndiyo, analazimika. Tena analazimika kuwa nayo palepale garini. Leseni iliyoko nyumbani sandukuni haimsaidii barabarani.

Lakini jibu hilo ni nusu tu ya maneno. Nusu ya pili ni hii: leseni imetolewa kwa jina la dereva, na mahali pake ni mfukoni mwa dereva. Si mahali pake kufungiwa ndani ya meza ya tajiri, wala si mahali pake mfukoni mwa polisi. Hizo nusu mbili twataka zisemwe pamoja, maana anayesema moja na kuficha ya pili anatudanganya.

Huenda msomaji akauliza, watu wa reli wana habari gani na leseni za motokaa? Tunazo nyingi. Wako wenzetu wanaoendesha malori na magari ya kazi. Wako wanaotoka zamu jioni wakapanda bodaboda kutafuta pesa za karo ya watoto. Wengi wetu tunaofanya kazi Mombasa nyumba zetu ziko ng'ambo ya Likoni, na kila mwisho wa juma twavuka feri, kisha twapita Ng'ombeni, Kombani, Tiwi na Ukunda hadi Msambweni, na wengine mpaka Lunga Lunga kwenye mpaka wa Tanzania. Barabara hiyo twaijua kama tunavyoijua njia ya reli ya Samburu, Taru na Mackinnon Road, ambayo nayo imo katika kaunti yetu ya Kwale. Basi yanayowapata madereva yanatupata na sisi.

YALIYOMPATA MWENZETU

Twatoa mfano mmoja, na hatutaji jina la mtu wala la kampuni. Mwenzetu mmoja, mwenyeji wa upande wa Msambweni, alikuwa kibarua pamoja nasi katika genge la kutengeneza njia. Kazi ile ilipokwisha alijifunza udereva, akapata leseni kwa jasho lake, akaajiriwa kuendesha lori la kupeleka mawe ya kujengea huko Diani. Siku ya kwanza ya kazi tajiri alimwambia, "Lete leseni yako." Alidhani anataka kuitazama. Tajiri aliitazama kweli, kisha akaifungia ndani ya meza. Akasema, "Hii itakaa hapa. Ukitaka kwenda zako siku moja, tutahesabiana kwanza."

Alifanya kazi hivyo miezi kadhaa. Akisimamishwa njiani alikuwa akiomba radhi, na mara nyingine, tuseme kweli, alikuwa akitoa kitu kidogo. Siku moja alikutana na afande asiyetaka radhi wala kitu kidogo. Aliulizwa leseni, akasema iko kwa tajiri. Afande akamjibu, "Mimi sikumsimamisha tajiri. Nimekusimamisha wewe." Na kwa kweli afande yule alisema haki.

Lori liliwekwa kando. Mwenzetu akapelekwa kituoni, shemeji yake akahangaika hadi jioni kutafuta pesa za dhamana. Siku ya kesi alisimama mbele ya hakimu peke yake, akakubali kosa, akatozwa faini. Mwisho wa mwezi tajiri alimkata mshahara wa siku mbili ambazo lori halikwenda, na pesa za mawe yaliyochelewa kufika. Alipoomba arudishiwe leseni yake ili asikamatwe tena, aliambiwa, "Ukitaka leseni, chukua pamoja na barua ya kuachishwa kazi."

Ndugu, tazameni jambo hili vizuri. Aliyefungia leseni hakuulizwa neno. Aliyefungiwa ndiye aliyekamatwa, akatozwa, akakatwa mshahara, na tena akatishwa. Kosa lilikuwa moja, na adhabu zake nne, zote juu ya mgongo mmoja.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria yenyewe ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya. Ilitungwa mwaka 1953, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1954. Imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini shina lake ni lile lile.

Kifungu cha 30 chasema kwamba hakuna ruhusa kuendesha gari barabarani bila leseni ya aina ya gari hilo. Kifungu hicho hicho chamkataza mwenye gari kumpa usukani mtu asiye na leseni. Kifungu cha 36 ndicho kinachohusu swali letu. Chamtaka dereva aichukue leseni yake anapoendesha, na polisi akiitaka, aitoe ili ikaguliwe.

Haya ni makosa mawili, na ni vizuri tuyatofautishe. Mtu asiye na leseni kabisa ni mwendeshaji asiyeruhusiwa, na kosa lake ni zito. Mtu mwenye leseni lakini hakuibeba ni dereva halali aliyesahau, au aliyezuiwa, kutimiza wajibu wake. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zimeliweka kosa hili la pili katika orodha ya makosa madogo, na faini yake ni shilingi 1,000. Shilingi elfu moja si kitu cha kuchezea kwa mtu wa mshahara wetu. Lakini ni vizuri dereva ajue hesabu hiyo, asije akatishwa njiani kwamba atakwenda jela mwaka mzima.

Kuonyesha leseni si jambo la Kenya peke yake. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilitoka, leseni za magari zilianzishwa na sheria ya mwaka 1903, na tangu siku hizo dereva alitakiwa kuitoa akiulizwa na polisi. Siku hizi huko dereva aliyeiacha nyumbani aweza kupewa siku 7 aipeleke kituo cha polisi. Sisi sheria yetu yasema ibebwe, basi tuibebe.

TUSIICHUKIE KAZI YA UKAGUZI

Wako wenzetu wanaosema kwamba kuulizwa leseni ni kudharauliwa. Hatukubaliani nao. Sisi watu wa reli twajua maana ya ruhusa. Dereva wa gari la moshi haingii katika sehemu ya njia moja bila kibali cha stesheni, hata akiwa ameipita njia hiyo miaka ishirini. Haoni haya kutakiwa kibali. Anajua kwamba mbele yake huenda kuna gari jingine linakuja, na nyuma yake kuna watu waliolala usingizi kwa kumwamini.

Barabara ya kusini ni hivyo hivyo. Ni nyembamba kwa wingi wa magari yake. Malori yanatoka mpakani, matatu yanakimbizana kuwahi feri, na katikati yao bodaboda inabeba mama na mtoto mgongoni kwenda hospitali ya Msambweni. Nani kati yetu anapenda mkewe achukuliwe na kijana aliyejifunza pikipiki juzi Jumapili uwanjani? Afande anayetaka leseni ya kijana yule anatulindia watu wetu. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na polisi naye apewe haki yake: akisimamisha, tusimame, akiuliza kwa adabu, tujibu kwa adabu, akitaka leseni, tuitoe bila maneno mengi.

KIPANDE HAKIJASAHAULIKA

Hata hivyo twafahamu kwa nini damu huchemka mtu akiambiwa, "Toa karatasi yako." Jambo hilo lina historia. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuandikisha wenyeji, na kuanzia mwaka 1920 ikatiwa nguvu. Kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kuchukua kipande, chenye alama za vidole vyake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mzungu hakuvaa. Mhindi hakuvaa. Mwarabu hakuvaa. Harry Thuku alikipinga, na alipokamatwa mwezi Machi mwaka 1922 watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi, wakapigwa risasi, wakafa wengi. Kipande hakikuondolewa mpaka miaka ya mwisho ya 1940, kilipowekwa kitambulisho cha watu wa rangi zote.

Uchungu wa kipande haukuwa kikopo tu. Ndani yake tajiri aliandika siku ya kuanza kazi, na mtu akitaka kuacha kazi ilimpasa tajiri atie saini ya kumwachilia. Asipotia, mtu yule hakuweza kuandikwa mahali pengine, na akiondoka alitafutwa kama mtoro. Kipande kilining'inia shingoni mwa mfanyakazi, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa tajiri.

Sasa tupime. Je, leseni ya udereva ni kipande? Hapana. Leseni inatakiwa kwa kila mtu anayeendesha, awe mkubwa au mdogo, mweusi au mweupe, mwenye gari la kifahari la hoteli ya Diani au mwenye tuktuk ya Ukunda. Leseni haisemi wewe ni mtu wa nani. Inasema unajua kazi gani. Ni cheti cha ufundi, kama cheti cha fundi wa mitambo, na mtu ana haki ya kujivunia. Zamani ilikuwa kijitabu chekundu, na tangu mwaka 2017 ilianza kutolewa kadi ya plastiki yenye chembe ya kumbukumbu ndani yake. Mabadiliko ni ya umbo. Ufundi ni ule ule.

Lakini leseni hiyo hiyo ikifungiwa katika meza ya tajiri, ikawa dereva hawezi kuondoka bila kuhesabiwa, hapo inageuka kuwa kipande. Tena ni kipande kibaya kuliko cha zamani, kwa sababu mtu wa zamani alipoulizwa na polisi alikuwa nacho shingoni, na huyu wa leo hana.

KWA MATAJIRI

Twajua sababu wanazotoa. Wanasema dereva aweza kutoroka na pesa za mafuta, au kuliacha lori kando ya njia, au kwenda kwa tajiri mwingine baada ya wiki moja. Wako madereva wa namna hiyo, hatukatai. Lakini dawa yake si kuwafanya madereva wote wavunje sheria kila asubuhi wanapowasha gari.

Tajiri akitaka kumjua dereva wake, na aandike namba ya leseni. Na atoe nakala yake aiweke katika faili. Na aulize kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama kama leseni ni halali. Na aandike mkataba wa kazi unaosema siku ngapi za notisi, mshahara kiasi gani, na deni litalipwaje likitokea. Hayo yote aweza kuyafanya bila kugusa kadi yenyewe. Tajiri anayekataa mkataba na kutaka kadi hatafuti usalama wa lori lake. Anatafuta kamba ya kumfunga mtu.

Na tajiri ajue jambo moja zaidi. Lori likishikwa kwa sababu dereva hana leseni mkononi, mzigo unachelewa na mteja anakasirika. Kadi aliyoifungia ili asipate hasara ndiyo inayomletea hasara.

KWA POLISI

Polisi nao tuna neno kwao, na twalisema kwa heshima. Sheria imesema leseni itolewe ili ikaguliwe. Tuliosoma shule za misheni tunakumbuka mwalimu alivyokuwa akikagua kucha zetu asubuhi. Twalinyosha mikono, akatazama, mchafu akapata fimbo zake, na safi akaenda darasani. Lakini mwalimu hakuondoka na vidole vya mtu. Afande akikagua leseni akaiona ni halali, amrudishie mwenyewe. Kuishika nusu saa ili dereva aanze kupapasa mifuko si ukaguzi.

Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 yamtaka askari aliyevaa sare aweke jina lake au namba yake ya kazi mahali panapoonekana. Basi dereva akionyesha jina lake, afande naye jina lake lionekane. Na dereva akikamatwa, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 49, imempa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu, na kupelekwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukimalizika siku au saa ambayo mahakama haikai, ndipo apelekwe siku ya kwanza ya mahakama inayofuata. Tena kifungu hicho chasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita.

KWA SISI WENYEWE

Twamalizia kwa sisi wenyewe, maana ni rahisi kuonyesha kidole na kusahau vingine vitatu vinavyotuelekea.

Wako wenzetu ambao leseni zao zimekwisha muda, na kila mwezi wanasema watalipa mwezi ujao. Wako wanaoendesha pikipiki kwa leseni ya motokaa, hali pikipiki ina fungu lake. Wako wanaosema, "Naenda hapa karibu tu, toka Ukunda mpaka ufuoni." Sheria haikupima karibu na mbali. Ajali nayo haipimi.

Kubwa kuliko yote ni hongo. Tufanye hesabu ya shule ya msingi. Dereva akitoa shilingi 100 kila safari, safari mbili kwa siku, siku 26 za kazi, mwisho wa mwezi ametoa shilingi 5,200. Faini ya kutobeba leseni ni 1,000. Basi anayetoa hongo ili aepuke faini amelipa faini tano kila mwezi, na hana risiti hata moja. Tena amejitia katika hatari kubwa zaidi, maana Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 yamshika mtoaji sawa na mpokeaji. Adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 10, au faini ya shilingi milioni 5, au vyote viwili. Mtu amekimbia mvua akaingia baharini.

Na tukisema kweli kabisa, hongo ndiyo inayomlinda tajiri mwenye kufungia leseni. Kama kila dereva aliyezuiliwa kadi yake angeandikiwa kosa, malori yangesimama, na kadi zingerudi upesi. Lakini kwa sababu dereva anatoa mia yake kimya kimya, tajiri hajui shida, meza imebaki imefungwa, na gharama ya ufunguo analipa dereva.

TUFANYE NINI?

Rai yetu ni hii, na twaomba kila tawi liijadili:

1. Kila mwanachama anayeendesha abebe leseni yake kila safari, iwe halali, na iwe ya aina ya gari analoendesha.

2. Akitakiwa na polisi aitoe mara moja, kwa adabu, na abaki nayo machoni mpaka irudi mkononi mwake.

3. Mwanachama asitoe kadi yake kwa tajiri kama dhamana. Tajiri akitaka nakala apewe nakala.

4. Aliyekwisha kuitoa asiende peke yake kuidai. Mtu mmoja akienda huambiwa achukue na barua ya kuachishwa. Alete habari kwa katibu wa tawi, tuandike barua kwa jina la chama, na wengi wakipatikana mahali pamoja twende wote.

5. Asitoe hongo. Akilazimishwa, ashike jina au namba ya askari, mahali na saa, alete habari kwa chama. Iko Mamlaka ya IPOA ya kupokea malalamiko juu ya polisi, na iko Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

6. Mikataba yetu itakapozungumzwa, liandikwe neno moja waziwazi: tajiri haruhusiwi kuzuia leseni ya dereva kwa sababu yoyote.

Mwenzetu wa Msambweni bado anaendesha lori lile lile, na leseni yake bado iko ndani ya meza. Ana watoto, na hawezi kuchukua barua ya kuachishwa. Kila asubuhi anapowasha gari anajua amekwisha kuvunja sheria kabla gurudumu halijazunguka, na hakuivunja kwa kupenda kwake. Ndugu, tusimwache. Leo ni meza moja, kesho zitakuwa meza nyingi.

Polisi apewe haki yake ya kukagua. Dereva apewe haki yake ya kuwa na kitu cha kukaguliwa. Hatuombi zaidi ya hapo, na hatutakubali pungufu.

Umoja ni nguvu.